UKATAJI WA MIRIJA YA KIOO NA UIMARA WA SHANGA ZETU

Akina mama wa Endulen, kama wenzao wa sehemu nyingine za Ngorongoro, hutunga shanga kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo hutokea mkufu uliotungwa vizuri ukakatika uzi baada ya muda mfupi, na lawama akabebeshwa mtungaji. Mara nyingi kosa si lake, bali limo katika ushanga wenyewe, kwa jinsi kioo kilivyokatwa. Hapana budi makatibu na wanachama waielewe kazi hiyo.

Kwa miaka mingi shanga ndogo zinazopendwa na Wamaasai zimetoka Jablonec nad Nisou, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Kioo kilichoyeyushwa huvutwa kuwa mrija mwembamba, kisha mrija hukatwa vipande vidogo. Tundu la mrija ndilo tundu la ushanga. Kwa kuwa kipande kilichokatwa huwa na kingo kali, huzungushwa katika pipa lenye joto kali mpaka kingo zilainike.

Fundi afanyaye kazi kwenye mwali wa moto hufuata kanuni hiyo hiyo kwa mkono. Kioo hakikatwi kama mti. Hupasuka kwa kufuata alama iliyotiwa. Fundi huchora alama kwa tupa kali ya pembe tatu, mara moja tu, bila kupeleka na kurudisha kama msumeno. Mikwaruzo mingi huleta nyufa nyingi. Alama hulowanishwa kwa maji kidogo. Kisha fundi hushika mrija kwa kitambaa, alama ikielekea mbali naye, na vidole gumba viwili vikiwa upande ulio mkabala na alama. Husukuma kwa vidole hivyo huku akivuta mikono pande mbili. Akipinda bila kuvuta, ncha hutoka imechongoka.

Mrija mnene hauvunjwi kwa mikono. Baada ya kuchora alama, mwisho wa alama huguswa kwa kijiti cha kioo kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Joto la ghafla hutanua kioo mahali hapo, nao ufa huzunguka mrija.

Hatimaye kingo hurudishwa motoni polepole, mrija ukizungushwa, mpaka ukali uyeyuke. Moto ukizidi, tundu huziba. Ieleweke pia kwamba kioo cha moto hakitofautiki kwa macho na kilichopoa. Fundi avae miwani ya kukinga macho, na vipande vizikwe shimoni, visitupwe malishoni wanakopita watoto na mifugo.

Wanunuzi wa shanga wazingatie haya:

1. Kabla ya kulipa, chukueni shanga chache katika kila pakiti, mzipitishe kwenye uzi na kuusugua mbele na nyuma. Uzi ukichanika nyuzinyuzi, pakiti hiyo irudishwe.

2. Shanga ndefu za umbo la mrija mara nyingi huuzwa bila kulainishwa kingo. Zikitumiwa, wekeni ushanga mdogo wa mviringo kila mwisho wake, ili uzi usipinde juu ya ukingo mkali.

3. Shanga zenye ncha zilizovunjika zitengwe kabla ya kutunga.

Mnunuzi aliyepokea mkufu uliokatika hatauliza kioo kilikatwa wapi. Atakumbuka jina la chama kilichomwuzia. Kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye pakiti, kabla ya sindano kushikwa.