Sanamu za Star Trek na Elimu ya Mkusanyaji

Tamthilia ya Star Trek, iliyoasisiwa na Gene Roddenberry na kuonyeshwa na shirika la NBC la Marekani tangu Septemba 1966 hata Juni 1969, ilisitishwa kwa uchache wa watazamaji. Lakini vituo vya mijini vilipoinunua na kuirudia jioni baada ya jioni, ilijipatia wapenzi wengi kuliko ilivyokuwa nao katika uhai wake, na ndiyo sababu sanamu zake za kuchezea zilizo mashuhuri zilitoka mwaka 1974, kwa mkono wa kampuni ya Mego ya New York.

Sanamu hizo, zenye kimo cha inchi 8 na mavazi ya kitambaa, zilianza na wahusika wa tamthilia hiyo: Kirk, Spock, McCoy, Scotty na hasimu wao wa Kiklingoni, kisha akaongezwa Uhura. Mwaka 1975 wakafuata viumbe wanne wa sayari za mbali, na mwaka 1976 wanne wengine, ambao kwa kuwa waliuzwa kwa uchache ndio adimu leo, hususan Mromula, ambaye aghalabu hupatikana bila ile kofia yake ya vita, iliyokuwa nyepesi kupotea.

Yapasa ifahamike kwamba Mego ilitumia kiwiliwili cha namna moja kwa mashujaa wake wengi, ikibadilisha kichwa na mavazi tu. Hata yule Gorn, kiumbe wa jamii ya mijusi, alivikwa nguo zile zile za Mklingoni. Desturi hiyo ilipunguza gharama ya kiwanda, lakini imemwachia mkusanyaji kazi kubwa ya uchunguzi, maadamu kichwa cha asili chaweza kupachikwa juu ya mwili wa sanamu nyingine, na bastola au mkanda uliopotea ukafidiwa kwa nakala iliyoundwa juzi. Kadi za kufungia nazo zina nasaba yake: za awali zina picha za nyuso tano za wahusika, na zilizofuata zina sita, baada ya Uhura kuongezwa.

Mbali na vipande visivyo vya asili, adui mwingine wa mkusanyaji ni wakati. Uzi wa mpira unaoshika viungo ndani ya kiwiliwili hulegea na kukatika. Plastiki laini hutoa mafuta yake ikanata. Mwanga wa jua huchujua nguo na kugeuza rangi ya ngozi. Dawa yake ni kivuli, ubaridi wa wastani na hewa kavu, na kutoziacha silaha za plastiki zikigusana na mwili miaka nenda miaka rudi.

Thamani ya sanamu, basi, haitokani na umri pekee, bali na ukamilifu na uasili wake, na mambo mawili haya hayajulikani ila kwa elimu na uaminifu. Si aibu kuitengeneza sanamu iliyovunjika, wala kuivika mkanda mpya; lililo haramu ni kuificha habari hiyo. Kwa hiyo kila mwenye mkusanyo na aandike bayana daftarini, kwa kila sanamu, kipi ni cha asili na kipi kimeongezwa, na daftari hilo liandamane na sanamu kila inapobadilisha mikono, kwani atakayeipokea ana haki ya kujua anachokishika.