Mikono inapotetemeka, picha bado inaweza kutulia

Na Mwandishi Wetu

WAPIGAPICHA wa harusi, kipaimara na mahafali wanaokaribia umri wa miaka 60 wanalifahamu lalamiko moja ambalo wateja hulitamka kwa upole mbele yao na kwa ukali nyuma yao: picha zina ukungu. Bibi harusi huvishwa pete mara moja tu. Picha ya tukio hilo ikiharibika hakuna namna ya kulirudia, na mteja anayefuata humpigia simu kijana mwingine.

Wapo wanaoamini kwamba umri umekwisha kuwashinda, wakaanza kutafuta mnunuzi wa vifaa vyao. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, wengi huchukua uamuzi huo mapema mno. Historia ya upigaji picha katika Afrika Mashariki inaye Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa. Alivishwa mkono wa bandia, akarejea kazini, akaendelea hadi alipofariki Novemba 1996 katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyokuwa imetekwa nyara.

Kabla ya kuilaumu mikono, ni vema kuichunguza picha yenyewe kwenye kompyuta, ikiwa imekuzwa. Endapo uso wa mtu umefifia lakini ukuta ulio nyuma yake unaonekana barabara, kamera ililenga mahali pasipostahili. Hilo ni suala la macho au la mitambo ya kamera. Endapo ukuta na meza vimetulia na mtu peke yake ndiye aliyeacha mkia, mtu huyo alikuwa akitembea au akicheza. Lakini endapo kila kitu, kuanzia taa za ukumbini hadi maua ya mezani, kimeburutwa kuelekea upande mmoja, na vinukta vya taa vimegeuka vijistari, hapo kamera ndiyo iliyotikisika.

Hakuna mkono wa binadamu usiotetemeka. Hata mkono wa kijana mwenye afya njema hutetemeka kwa kiwango kidogo, takribani mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ila haonekani. Kamera huunasa mtetemo huo iwapo shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachoruhusu mwanga kuingia, itabaki wazi kwa muda wa kutosha. Tuchukulie mkono unaotetemeka mara 10 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/30 ya sekunde, theluthi nzima ya mtetemo mmoja itaandikwa ndani ya picha. Ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde, itaandikwa sehemu moja tu kati ya 25. Mkono ni ule ule, lakini picha ni mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana wapigapicha wa zamani walikuwa na kanuni yao: kasi ya shata isiwe ndogo kuliko urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 ilitakiwa kwenda na 1/50 ya sekunde au kasi zaidi, na ya milimita 200 kwenda na 1/200. Kanuni hiyo ilitungwa enzi za filamu ya milimita 35. Kamera nyingi za kidijitali zina sensa ndogo zaidi inayokuza mtikisiko, hivyo urefu wa lenzi huzidishwa kwa 1.5 au 1.6 kwanza, milimita 200 huhesabiwa kama 300, na shata ikawa 1/320. Mtu ambaye mikono yake haimtii kama zamani na aongeze mara mbili juu ya hapo. Kwa lenzi ya milimita 50 atakuwa kwenye 1/160 ya sekunde, na usingizi wake utakuwa mtamu.

Kasi hiyo hudai mwanga, na kumbi zetu za sherehe hazina mwanga. Hapa ndipo mazoea ya filamu yanapowaponza wakongwe. Aliyelelewa na filamu ya ISO 100 na 400 huona kupandisha kamera hadi ISO 3200 ni kama kufuru, kwa kuhofia chenga. Kamera za leo huvumilia ISO hiyo bila aibu, na hata pale chenga zinapoonekana, mteja hajawahi kuzikasirikia kama anavyokasirikia sura ya mama yake iliyovurugika. Flashi nayo ni msaada mkubwa, kwani mwako wake hudumu kwa takribani 1/1000 ya sekunde au chini ya hapo, hivyo humgandisha mtu hata kama mkono umeyumba. Kwenye nyumba za ibada zisizoruhusu flashi, ISO ndiyo kimbilio.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalihusishi na mikono, nalo ni macho. Baada ya umri wa miaka 40 jicho huanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu. Mtu hulisogeza gazeti mbali ili alisome, na ndivyo anavyofanya kwa kamera au simu: huinyoosha mikono mbele yake ili kioo kionekane. Mikono iliyonyooshwa ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuishikilia kamera, kwa kuwa kila mtetemo wa bega hufika mwisho wa mkono ukiwa umekua. Mhusika husema mikono imezeeka, kumbe anahitaji miwani ya kusomea. Mwenye kamera yenye tundu la kutazamia aligusishe paji la uso na kurekebisha kile kigurudumu kidogo kilicho pembeni ya tundu hadi maandishi ya ndani yasomeke bila miwani. Paji la uso linakuwa nguzo ya tatu baada ya mikono miwili.

Namna ya kusimama nayo ina uzito wake. Miguu iachane kidogo, mmoja ukitangulia. Viwiko vibanwe ubavuni. Kiganja cha kushoto kikae chini ya lenzi na kuibeba, badala ya kuishika kwa pembeni kama kikombe. Pumua, toa pumzi, na kabla ya kuvuta nyingine bonyeza kitufe polepole kama mtu anayeminya embe kujua kama limeiva. Wengi huharibu picha kwa kukidonoa kitufe. Ni vizuri pia kupiga picha 3 mfululizo, maana kidole hutikisa zaidi ya kwanza, na ya pili au ya tatu mara nyingi hutoka safi.

Ukumbi haukosi nguzo, ukuta au mgongo wa kiti. Kuegemea si dalili ya uvivu. Mpigapicha akiketi na kuweka viwiko juu ya magoti, hupata utulivu ambao kijana aliyesimama wima hataupata. Stendi ya miguu mitatu ni bora kuliko vyote, ila katika umati wa harusi ni mtego wa watoto na magauni. Stendi ya mguu mmoja hupenya popote. Asiye nayo anaweza kushona mfuko mdogo wa kitambaa, akautia maharagwe, akauweka juu ya meza au dirisha la gari na kulaza lenzi juu yake. Wengine hufunga kamba kwenye skrubu inayoingia chini ya kamera, huikanyaga ncha yake, kisha huvuta kamera juu hadi kamba ikaze. Gharama yake haifiki bei ya soda.

Teknolojia nayo imesaidia. Canon ilitoa lenzi yenye mitambo ya kupunguza mtikisiko mwaka 1995, na Minolta ikaihamishia kazi hiyo ndani ya mwili wa kamera mwaka 2003. Mitambo hiyo hupimwa kwa hatua, na kila hatua hukuruhusu kupunguza kasi ya shata kwa nusu. Hatua 3 humtoa mtu kwenye 1/125 hadi karibu 1/15 ya sekunde. Wauzaji huisifu sana, lakini hawaelezi kwa sauti ile ile kwamba mitambo hutuliza kamera tu. Mgeni anayecheza rusharoho kwa 1/15 ya sekunde atabaki kuwa ukungu, uwe na kamera ya bei yoyote.

Ukiacha vifaa, mwili wenyewe una habari zake. Kahawa nyingi huongeza mtetemo, na dawa za pumu kama salbutamol huweza kufanya hivyo pia. Njaa nayo hutetemesha, hasa kwa mwenye kisukari anayetumia dawa. Na kwenye sherehe zetu mpigapicha aliyefika saa sita mchana ndiye hupewa sahani ya pilau mwisho kabisa. Apo chakula chake mfukoni.

Kuna mtetemo unaozidi kwa miaka, ambao mara nyingi hurithiwa katika ukoo na huonekana mtu anapoitumia mikono: kunywa chai, kuandika, kushika kamera. Huo una dawa, ikiwamo propranolol, lakini si ya kununua kiholela dukani kwani inaweza kuwa hatari kwa mwenye pumu. Ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida una sura nyingine: mkono hutetemeka ukiwa umepumzika mapajani, mara nyingi ukianza upande mmoja. Mtetemo ulioanza ghafla, ulio upande mmoja, au unaoambatana na kupungua uzito na moyo kwenda mbio, unapaswa kupelekwa hospitali kabla ya kupelekwa kwa fundi kamera.

Kwa anayetaka kujipima, gazeti moja linatosha. Libandike ukutani, simama hatua chache nyuma yake, na upige picha 10 kwa kila kasi: 1/250, 1/125, 1/60, 1/30 na 1/15 ya sekunde, mitambo ya kutuliza ikiwa imezimwa. Kasi ya chini kabisa ambayo picha 8 kati ya 10 zinasomeka ndiyo mpaka wako. Iandike kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya kifuniko cha mkoba wa kamera, na ujipime tena baada ya mwaka.