Mapigo ya Moyo Baada ya Jeraha la Ubongo

Barabara ya Nyerere hupita Kipawa kuelekea uwanja wa ndege, na bodaboda hugombea njia na malori humo usiku na mchana. Majeruhi wa ajali wenye jeraha kubwa la kichwa hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), waliko mabingwa wa upasuaji wa ubongo. Macho ya wote huelekea kichwani. Hata hivyo, moyo nao hutoa habari za ubongo.

Moyo wenye afya haupigi kwa ulinganifu wa saa ya ukutani. Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, nafasi kati ya pigo na pigo yaweza kuwa milisekunde 950, kisha 1,040. Mtu avutapo pumzi, mapigo huongeza kasi, aitoapo, hupungua. Tofauti hizo ndogo huongozwa na ubongo kupitia mishipa ya fahamu: ya simpathetiki huharakisha moyo, na wa vagasi huutuliza.

Jeraha likivuruga vituo vya uongozi huo, hasa shina la ubongo, tofauti hupungua na mapigo hulingana kupita kiasi. Tafiti zimehusisha hali hiyo na ukali wa jeraha na hatari ya kifo. Lakini dawa za usingizi, maumivu, homa na upotevu wa damu pia hubadili mapigo. Kwa hiyo kipimo hiki hakichukui nafasi ya picha ya CT wala kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974.

Tofauti za milisekunde huhitaji mashine, kidole hakizitambui. Hata hivyo, mhudumu wa zahanati mwenye saa na kipimo cha shinikizo la damu ana kazi kubwa: apime mapigo, shinikizo, upumuaji na fahamu mara kwa mara, na aandike. Mapigo yakipungua huku shinikizo likipanda na upumuaji ukivurugika, shinikizo ndani ya fuvu limezidi, kama alivyoeleza Harvey Cushing mwanzoni mwa karne ya 20. Dalili hizo huchelewa. Rufaa isingoje zitimie zote.

Mgonjwa aliyerudi nyumbani aweza kupata mapigo ya kasi, kizunguzungu asimamapo na uchovu wa haraka. Huo si uvivu, wala si kurogwa. Asimame taratibu, aongeze kazi kidogo kidogo, asikose kliniki. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege au akizimia, apelekwe hospitali mara moja.