Kiti Kimoja cha Tuba: Ajira za Wapiga Besi Zinavyopatikana

Msimu wa ajira unapofika Marekani, habari huanza kuzagaa miongoni mwa wapiga tuba na yufoniamu, ala za shaba zenye sauti nzito: fulani amepata kiti katika orkestra, fulani ameteuliwa profesa, mwingine amechukuliwa na bendi ya jeshi mjini Washington. Kwa asiye wa fani, hayo ni majina tu. Kwa wenyewe, kila jina ni mlango uliofunguka baada ya kufungwa kwa miaka mingi, na pengine hautafunguka tena kwa kizazi kizima.

Naandika nikiwafikiria wazazi wenzangu huku ughaibuni ambao watoto wao wamepangiwa tuba au yufoniamu katika bendi ya shule. Mara nyingi mtoto hupewa ala hiyo kwa sababu shule inayo stoo na mzazi halazimiki kununua. Miaka mitatu baadaye mtoto anasema anataka kuisomea chuoni, na nyumba nzima inaduwaa. Ajira ipo? Ipo, ila njia zake ni nyembamba, na ni heri kuzijua mapema.

Muziki wenyewe si mgeni kwetu. Aliyekulia katika usharika wa Kilutheri (KKKT) Kilimanjaro amekiona kikundi cha matarumbeta kikipiga nyimbo za sauti nne, urithi wa wamisionari wa Kijerumani, na yule mzee nyuma aliyekumbatia besi. Wakenya wana bendi za Jeshi la Wokovu na za polisi. Tofauti ni kwamba kwetu mpiga besi wa kanisani hujitolea, ilhali huku kuna watu wanaolea familia kwa kazi hiyo hiyo.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Orkestra kubwa ina wapiga fidla wengi, lakini mpiga tuba ni mmoja. Ala yenyewe ni changa: Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz waliisajili Berlin mwaka 1835, Beethoven akiwa amekwisha kufariki, na simfonia zake zote hazina tuba. Basi kiti ni kimoja, na aliyekikalia haondoki kirahisi. Arnold Jacobs aliingia Chicago Symphony mwaka 1944 akastaafu 1988. Aliyezaliwa mwaka alioingia angeweza kusoma, kuhitimu na kupita miaka arobaini bila kuona Chicago wakitangaza nafasi.

Orkestra ya Philadelphia ndiyo inayonigusa zaidi. Abe Torchinsky aliingia huko mwaka 1949, na mwaka 1972 akaacha kiti chake kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Akafuata Paul Krzywicki, naye akakaa zaidi ya miaka thelathini. Kiti kilipopata mwenyewe mpya mwaka 2006, alikuwa Carol Jantsch, binti aliyekuwa bado mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na chuo chake kilikuwa hicho hicho Michigan. Akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha tuba katika orkestra kubwa ya Marekani. Kwangu hapo ndipo uteuzi wa mwalimu unapoonyesha uzito wake: orkestra ilimpoteza mpigaji, chuo kikapata shule ya tuba, na shule hiyo ikaja kuilisha orkestra ile ile.

Usaili wenyewe una utaratibu mkali. Watahiniwa kwa kawaida hupiga nyuma ya pazia, kila mmoja kwa namba badala ya jina, na mara nyingi zulia hutandikwa ili vishindo vya viatu visimfichue mwanamke. Mtahiniwa haruhusiwi kusema; akiwa na swali humnong'oneza msimamizi, naye ndiye anayeuliza kwa sauti. Anapiga vipande vifupi: utangulizi wa Meistersinger wa Wagner, machi ya Kihungaria ya Berlioz. Dakika chache, kisha anayefuata. Na kamati ina haki ya kutomchukua yeyote, ikatangaza usaili upya baadaye. Hilo hutokea, na linaumiza.

Mpiga yufoniamu hana hata kiti hicho kimoja. Ala yake huitwa kwenye orkestra kwa kazi chache tu, kama The Planets ya Gustav Holst, na anayeipiga hulipwa kwa wiki hiyo. Ajira yake ya kudumu iko jeshini. Bendi kubwa za Washington, ikiwemo ile ya kikosi cha Marine iliyoanzishwa mwaka 1798, huwalipa wanamuziki wake mshahara kamili pamoja na bima ya afya. Lakini anayepiga Ikulu ya Marekani lazima achunguzwe kiusalama, kwa hiyo familia zetu zianze kushughulikia karatasi za uraia mapema.

Njia ya tatu ni chuo kikuu, na hapo jina la mpiga tuba Harvey Phillips halikwepeki. Alifundisha Chuo Kikuu cha Indiana kuanzia 1971 hadi 1994, akawashawishi watunzi waandike kazi za tuba, na alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha wapiga tuba na yufoniamu miaka hiyo hiyo ya sabini. Desemba 1974 aliwakusanya mamia ya wapigaji Rockefeller Center, New York, wapige nyimbo za Krismasi kwa heshima ya mwalimu wake William Bell, aliyezaliwa siku ya Krismasi. Mkusanyiko huo sasa hufanyika kila mwaka katika miji mingi, na mtoto yeyote mwenye ala anakaribishwa. Mpelekeni.

Anayeomba uprofesa husailiwa kwa namna nyingine kabisa. Wachache waliopita mchujo huitwa chuoni, wakapiga onyesho na mpiga piano waliyekutana naye juzi, kisha wakamfundisha mwanafunzi wasiyemjua mbele ya kamati inayoandika kila neno. Kupiga vizuri hakutoshi. Wanataka mtu atakayevuta wanafunzi wapya kila mwaka. Nafasi nyingine ni za kulipwa kwa saa, bila bima, na walimu wazuri wanaishi kwa kuunganisha vyuo viwili vitatu kwa gari.

Kwa hiyo mkitembelea chuo, ulizeni mwalimu wa tuba ana mkataba wa aina gani, na wanafunzi wake waliohitimu wako wapi sasa. Ulizeni pia shahada ya ualimu wa muziki, maana wengi waliosomea ala hizi huishia kuongoza bendi za shule, na hiyo ni kazi yenye leseni, mshahara na pensheni. Na anayepiga yufoniamu aanze tromboni mapema: vyuo vidogo vingi vinaajiri mwalimu mmoja kwa tromboni, yufoniamu na tuba.