Saratani ya ini: Dawa mpya zipo, zinamfikiaje mgonjwa wa Kavumu?

Mkaazi wa Kavumu anayehisi uvimbe mgumu chini ya mbavu za kulia husafiri kilomita 30 hivi hadi Bukavu kumtafuta daktari bingwa. Zamani mwenye uwezo angepanda ndege palepale Kavumu kwenda Kinshasa. Njia hiyo ilikatika Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege.

Akiambiwa ni saratani ya ini, swali la familia huwa moja: dawa ipo?

Ipo. Marekani na Ulaya ziliidhinisha sorafenib mwaka 2007. Ni vidonge vinavyozuia ishara ambazo uvimbe hutumia kukua na kujitengenezea mishipa ya damu, tofauti na kemotherapia ya kawaida inayoshambulia kila seli inayogawanyika haraka. Baadaye zikaja lenvatinib na nyingine. Mwaka 2020 ikaonekana kuwa atezolizumab pamoja na bevacizumab, zinazotolewa kwa dripu, hurefusha maisha kuliko sorafenib.

Lakini tuangalie hesabu bila kujidanganya. Katika jaribio lililoipatia sorafenib kibali, nusu ya waliotumia dawa waliishi zaidi ya miezi 10.7, kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ilikuwa miezi 7.9. Tofauti haifiki miezi mitatu. Nao walikuwa wagonjwa ambao ini lao bado lilifanya kazi vizuri, kutoka Ulaya, Amerika na Australasia. Afrika haikuwamo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1975 Dkt. Charles Olweny na wenzake walichapisha matokeo ya kutibu saratani ya ini kwa doxorubicin nchini Uganda, na dawa hiyo ikatumika sehemu nyingi za dunia kwa miongo kadhaa.

Na ugonjwa wa huku una sura yake. Utafiti wa mwaka 2017 uliokusanya wagonjwa wa nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania na Uganda, ulionyesha kuwa ukiiondoa Misri, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 46, na nusu yao walifariki ndani ya miezi 2.5 tu. Wengi wa wagonjwa wa Afrika huwa na homa ya ini aina ya B waliyoambukizwa utotoni. Wengine wamekula kwa miaka mahindi na karanga zenye sumukuvu, ambayo huacha alama yake katika jeni iitwayo TP53. Dawa zilizoidhinishwa haziilengi alama hiyo.

Kuhusu bei, India ilishaonyesha kuwa si amri ya Mungu. Mwaka 2012 iliiruhusu kampuni ya Natco kutengeneza sorafenib bila ridhaa ya Bayer, na gharama ya mwezi ikashuka kutoka rupia 280,000 hadi 8,800.

Kidonge kilicho karibu zaidi na Kavumu ni kingine kabisa: tenofovir, kinachojulikana zaidi kwa wanaoishi na VVU. Hukidhibiti pia kirusi cha homa ya ini B na kupunguza hatari ya saratani. Ila anayekihitaji lazima kwanza apimwe damu, na kwa takwimu za WHO za 2022, katika kanda ya Afrika ni watu wanne hivi tu kati ya 100 wenye kirusi hicho waliokuwa wamepimwa na kugunduliwa.