Tembo Huyu na Tembo Hili: Utangulizi wa Historia ya Pombe Taita Taveta

Ukisema "tembo huyu", msikilizaji wa Voi atatupa jicho upande wa Tsavo. Ukisema "tembo hili", atatafuta kibuyu. Ndilo lile ambalo mgema akisifiwa hulitia maji. Karibu, msomaji, katika taaluma inayohitaji ngeli zote mbili. Anayejua moja tu ataandika nusu ya historia.

Tuanze na huyu. Mwaka wa 1922, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kenya Breweries, kampuni iliyopika bia yake Ruaraka, Nairobi. Mzigo wa kwanza ulikuwa kreti 10 tu, uliopelekwa hoteli ya Stanley mwezi wa Desemba. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker, neno la Kiingereza la tembo mwenye pembe kubwa. Msiba wa familia ukageuka nembo: kichwa cha mnyama kwenye lebo, kizibo, trei, mwavuli na ukuta wa baa. Familia yenyewe ilimezwa na kampuni, ambayo mwaka wa 1936 ilikuwa tayari East African Breweries. Mfano wa familia iliyopika bia kiwandani katika zama zetu uko Naivasha, ambako Tabitha Karanja na mumewe walianzisha Keroche mwaka wa 1997.

Vitu vya ukumbusho vya Tusker husomwa tofauti kulingana na mahali vilipo. Nairobi, tembo wa kwenye chupa ni pambo. Voi yuko jirani: mbuga ya Tsavo Mashariki, iliyotengwa mwaka wa 1948, inapakana na mji, na huko Sagalla wako wakulima waliozungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki ili mahindi yasiliwe usiku. Kwa hiyo usiishie kuuliza lebo ilichapishwa lini. Uliza pia ilitundikwa wapi, na nani aliketi mbele yake.

Sasa tembo hili, pombe ya mnazi, na ndugu zake wote wa kienyeji. Ingawa mnazi wenyewe ni wa pwani, milima ya Taita ina pombe yake ya miwa, na kiwanda chake cha familia ni ua wa nyumba. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1978, Casting Out Anger, ibada ya kutasa: mtu hutia kinywani funda la pombe, maji ya miwa au maji matupu, kisha hulipuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuomba heri. Hapo kinywaji ni chombo cha kupatanisha watu. Mtafiti akikihesabu kama kilevi tu, amekwisha kupotea njia.

Tatizo letu kubwa ni ushahidi. Pombe ya chupa iliandikwa na waliotaka kuiuza, ndiyo maana kumbukumbu zake zinang'aa. Pombe ya nyumbani iliandikwa mara nyingi na waliotaka kuizuia: leseni, misako, faini, hukumu za mahakama. Ukisoma majalada hayo peke yake, mama mpishi wa pombe atatokea kama mshtakiwa tu, wala hutajua alijifunza kwa nani, alimuuzia nani, na fedha zile zilifanya nini. Kitabu cha Justin Willis, Potent Brews, cha mwaka wa 2002, ni mwalimu mzuri wa kuyasoma majalada sambamba na masimulizi ya wazee kote Afrika Mashariki.

Basi kusanya vizibo, ni kazi halali na ina raha yake. Lakini kizibo ni chuma; kitakungoja mchangani miaka 50. Kibuyu hupasuka, na anayejua kipimo cha miwa huzeeka. Tembo huyu ana kampuni ya kumtunza. Tembo hili linakutegemea wewe, daftari lako, na subira ya kuketi uani hadi nyanya aanze kusimulia.