Amplifaya za Mtandao na Ghururi ya Wati

Mtu aingiaye dukani leo kutafuta amplifaya ya nyumbani ambayo, mbali na kuzitia spika nguvu, huuchukua muziki yenyewe kutoka kwenye intaneti kwa njia ya Wi-Fi, aghalabu huulizwa na muuzaji, kabla ya swali jingine lolote, anataka wati ngapi. Na kwa kuwa hesabu huonekana kwa macho ilhali sauti haionekani, mnunuzi huridhika kuchagua kwa hesabu hiyo. Rai yangu ni kwamba, katika sifa zote za mashine hizi, wati ndizo zistahilizo kutazamwa mwisho.

Tuchukue mbili zilizo mashuhuri. Sonos Amp, iliyotangazwa mwaka 2018 kwa dola 599, hutoa wati 125 kwa kila upande penye spika za omu 8. WiiM Amp, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 299, hutoa wati 60. Kwa mizani ya karatasi, ya kwanza ni maradufu ya pili na zaidi kidogo, lakini sikio halina mizani hiyo: nguvu ikiongezwa maradufu, sauti huzidi kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji mwangalifu huitambua bila ya kuistaajabia, na ili muziki usikike kama uliopaa mara mbili, hapana budi ziongezwe desibeli zipatazo 10, yaani nguvu mara kumi. Spika itoayo desibeli 88 kwa wati moja, badala ya 85, humpa mwenyewe nyongeza ile ile ya desibeli 3 pasipo amplifaya kuguswa. Naim Uniti Atom, kazi ya mafundi wa Salisbury huko Uingereza, ina wati 40 tu kwa omu 8, na bado huuzwa kwa bei ya WiiM kadhaa.

Fauka ya hayo, wati zenyewe si lazima ziwe za kweli kwa maana aidhaniayo mnunuzi. Chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments, ambayo ndiyo moyo wa WiiM Amp na wa visanduku vingi vya bei nafuu, imeandikwa katika karatasi yake kuwa hutoa wati 315 kwa kila upande kwenye omu 4. Ila asomaye mstari hadi mwisho hukuta kwamba nguvu hiyo hupimwa sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia 10, na uharibifu wa kadiri hiyo hapana aliye na masikio atakayeustahimili. Wauza visanduku huichukua hesabu na kuliacha sharti lake.

Lililo zito zaidi halitajwi dukani asilani. Amplifaya za daraja la D, ambazo kwa kutopoteza umeme mwingi katika joto zimewezesha mashine hizi kuwa ndogo, hukatakata mawimbi kwa kasi kubwa mno, kisha huyapitisha katika koili na kapasita ili yarejee kuwa muziki. Na kwa kuwa ukinzani wa spika haukai mahali pamoja, bali hupanda na kushuka kwa kila sauti, koili ile hufanya sauti nyembamba zikolee penye spika hii na zififie penye spika ile. Ndiyo sababu watu wawili walionunua kisanduku kimoja cha bei nafuu huweza kubishana, mmoja akikisifu na mwenziwe akikituhumu, na wote wakawa wakweli. Dawa ni kuichukua ishara ya masahihisho, ambayo amplifaya hujirekebisha kwayo, baada ya koili, si kabla yake, kama walivyofanya watengenezaji wa WiiM Amp, na hivyo spika yoyote ile hupewa sauti karibu sawa.

Chumba nacho kina neno lake. Katika sebule yenye urefu wa mita 4, kuta za matofali na sakafu ya vigae, besi ya hezi 43 hivi hujirudia baina ya kuta mbili hata ikavuma kupita kiasi, na hapana wati ziwezazo kuituliza. WiiM hukisikiliza chumba kwa maikrofoni ya simu na kuipunguza besi iliyozidi. Sonos nayo ina ufundi wake wa namna hiyo, ila katika Amp haufanyi kazi isipokuwa kwa spika za kujengwa ukutani au darini ilizozitengeneza pamoja na kampuni ya Sonance.

Kuhusu muziki wa biti 24 na kilohezi 192, ambao WiiM huupokea na Sonos huishia kilohezi 48, sina maneno mengi: sikio la binadamu hukoma karibu na kilohezi 20, na kilohezi 44.1 za CD, zikiwa zaidi ya maradufu yake, zatosha kuufikia mpaka huo.

Linalonitia hadhari ni umri. Amplifaya ya miaka ya 1970 yaweza kuimba hadi leo maadamu fundi ameibadilishia kapasita, lakini hizi zategemea programu ambazo mwenye kiwanda aweza kuziacha apendapo. Mwaka 2020 Sonos ilisitisha masasisho mapya kwa baadhi ya vifaa vyake vya zamani, ijapokuwa vilikuwa vizima.

Kwa sebule ya wastani, basi, WiiM Amp yatosha, na fedha iliyosalia ingefaa zaidi kwenye spika. Sonos Amp namwachia aliye na vifaa vingine vya Sonos nyumbani. Yoyote utakayoichagua, itazame kwanza nyuma: iwe na tundu la kuchomekea waya wa sauti, ili siku programu ikifa mashine isife nayo, na ikiwa ndugu anakuletea kutoka Marekani, mwambie asome volti zilizoandikwa, kwani mashine ya volti 120 peke yake huungua kwenye umeme wetu wa 230 au 240.